Upepo wa mashimo meusi: uufuate kwa eksirei, kwa nuru ya kawaida au kwa milimita?

Anayetaka kuchunguza gesi inayofukuzwa kutoka vitovu vya galaksi hufika akiwa ameshashauriwa na watu watatu. Mtu wa eksirei kamwambia upepo wenyewe uko karibu na shimo jeusi, kwingine kote ni vumbi la msafara. Mtu wa nuru ya kawaida kamwambia data iko tele, ni ya bure, aanze leo. Mtu wa milimita, yaani mawimbi mafupi ya redio yenye urefu wa milimita hivi, kamwambia gesi yenye maana ni ile baridi, kwa kuwa ndiyo inayozaa nyota. Kila mmoja kasema kweli, naye kabaki njia panda.

Tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe. Shimo jeusi halipulizi chochote. Kinachopuliza ni gesi inayolizunguka kama sahani, ikisuguana na kupata joto kali kabla ya kumezwa. Katika kuanguka huko takriban asilimia 10 ya tungamo yake inaweza kugeuka nishati; haidrojeni inayoungana ndani ya nyota hutoa asilimia 0.7 tu. Nuru hiyo inasukuma, sumaku inasukuma, na sehemu ya gesi inarushwa nje badala ya kuingia. Ikigonga gesi ya galaksi, inaizoa na kwenda nayo. Ndiyo maana neno moja, upepo, limebeba vitu vitatu: ule unaoanzia mlangoni mwa shimo, gesi ya ioni (atomu zilizopoteza elektroni) iliyokwisha kusukumwa maelfu ya miaka-nuru, na mawingu baridi ya molekuli yaliyozolewa njiani.

Mambo manne ya kupimia

La kwanza ni mahali na umri: upepo unaouona uko umbali gani kutoka shimoni, na ulianza safari lini. La pili, kile unachokipima moja kwa moja, kabla ya kuanza kukisia. La tatu ni pale namba inapoteleza. La nne ni data na jasho: inapatikana wapi, na itakula muda gani.

Hilo la tatu linahitaji maelezo kidogo, maana ndilo linalowagombanisha watu. Kuna hesabu moja utakayoikuta kila mahali: chukua tungamo ya gesi inayotoka, zidisha kwa kasi, gawanya kwa umbali iliofika. Unapata ni gesi yenye tungamo ya Jua ngapi inayoondoka kwa mwaka. Wengine huzidisha tena kwa 3, kutegemea wanavyolichora umbo la upepo, kwa hiyo ukilinganisha makala mbili angalia hilo kabla ya kushangaa. Kasi haisumbui sana. Athari ya Doppler, yaani mawimbi kubanwa chanzo kikija na kunyooshwa kikienda, inakupa, ingawa unaona tu ile sehemu ya mwendo iliyoelekea kwako. Umbali unasumbua. Tungamo inasumbua kuliko vyote, na kila dirisha, yaani kila aina ya mawimbi unayotazamia, lina namna yake ya kukudanganya juu ya tungamo.

Eksirei: upepo mlangoni

*Mahali na umri.* Hapa uko jirani kabisa na shimo. Upepo ni mchanga, na unaweza kubadilika ndani ya siku au wiki. Unaona kile shimo linachofanya sasa, kwa maana ya "sasa" ya galaksi hiyo.

*Unachopima.* Gesi hii ina joto kiasi kwamba atomu zake nyingi zimevuliwa elektroni zote. Chuma hubakiwa na elektroni moja au mbili, na hizo ndizo zinazofyonza eksirei na kuacha mistari myeusi kwenye spektra, yaani nuru iliyotandazwa kwa nishati au rangi zake. Chukua kwasari (kitovu cha galaksi kinachong'aa mno) PDS 456, ambayo nuru yake imesafiri zaidi ya miaka bilioni 2. Chuma chenye elektroni moja hufyonza eksirei zenye nishati ya kiloelektronivolti 6.97. Gesi ikija upande wetu kwa robo ya kasi ya nuru, mstari huo unapanda hadi karibu 9.0. Kwasari yenyewe inatukimbia pamoja na kutanuka kwa ulimwengu, kwa hiyo gawanya kwa 1.184, na mstari unatua kwenye kipimo chako karibu na 7.6. Hesabu hiyo unaifanya kwa kikokotoo cha simu, na ukimaliza umepima gesi inayokwenda zaidi ya kilomita 70,000 kwa sekunde. Nakiri bado inanisisimua.

Kwa miaka mingi mstari huo ulionekana kama bonde moja pana. Kisha ikaja XRISM, darubini ya angani ya Japani, iliyorushwa Septemba 2023, yenye kipimo kinachotenganisha nishati zinazotofautiana kwa elektronivolti 5 hivi. Matokeo yake ya PDS 456, yaliyotoka 2025, yalionyesha mikondo mitano yenye kasi mbalimbali, kati ya asilimia 20 na 30 ya kasi ya nuru. Upepo tuliouchora kama pazia kumbe ni mabonge.

*Namba inapoteleza.* Unaona tu gesi iliyokaa kati yako na chanzo. Upana wa upepo pande nyingine, umbali wake kutoka shimoni, unene wake: yote hayo hukisiwa, na makisio ya umbali yanaweza kupishana mara kumi au zaidi. Tena mistari mingi ni dhaifu. Fotoni chache zikiangukia vibaya zinaweza kukuchorea bonde ambalo halipo.

*Data na jasho.* Darubini za eksirei XMM-Newton na Chandra ziko angani tangu 1999 na hazina zao ziko wazi. Lakini fotoni ni adimu. Uchunguzi mmoja wa sekunde 100,000, yaani zaidi ya saa 27, ni jambo la kawaida. Galaksi zenye mwanga wa kutosha kwa kazi hii si nyingi. Na kwa upande wa XRISM, kifuniko kilichopo mbele ya kipimo hakikufunguka baada ya kurushwa, kwa hiyo eksirei za nishati ndogo, chini ya kiloelektronivolti 1.7 hivi, hazifiki. Mistari ya chuma imesalimika, bahati nzuri.

*Inamfaa* anayeuliza upepo unaanzishwa vipi na una nguvu gani ukiwa mlangoni, na asiyeogopa takwimu. Kama hesabu za uwezekano hukukalia kifuani, hapa utateseka.

Nuru ya kawaida: upepo uliokwisha kusafiri

*Mahali na umri.* Gesi hii iko mamia hadi maelfu ya miaka-nuru kutoka shimoni, pengine makumi ya maelfu. Kilomita 1,000 kwa sekunde ni kasi kubwa, lakini kusafiri miaka-nuru 3,000 kwa mwendo huo huchukua karibu miaka milioni moja. Shimo jeusi linaweza kuwaka na kuzimika mara kadhaa ndani ya muda huo. Mfano unaojulikana ni wingu la kijani lililo jirani na galaksi IC 2497, lililogunduliwa mwaka 2007 na mwalimu wa Uholanzi, Hanny van Arkel, alipokuwa akipanga picha za galaksi kama mtu wa kujitolea. Wingu linang'aa kwa nuru iliyotoka kwenye kitovu zamani, na kitovu chenyewe sasa kimefifia. Kwa hiyo ukilinganisha nguvu ya upepo huu na mwangaza wa shimo leo, unalinganisha mjukuu na babu asiyekuwapo tena.

*Unachopima.* Fungua spektra ya kitovu hai, yaani kitovu cha galaksi ambacho shimo lake linameza gesi, na utafute urefu wa wimbi wa nanomita 500.7. Hapo oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hung'aa kijani. Kando yake, kwenye 495.9, yuko mdogo wake mwenye theluthi ya mwangaza. Uwiano huo umefungwa na fizikia ya atomu. Kama kwako umetoka moja kwa mbili, rudi ulikotoka, umekosea kuondoa nuru ya nyota. Sasa shuka chini ya kilele. Galaksi tulivu ina mstari mwembamba wenye pande mbili sawa. Yenye upepo ina bega lililolala upande wa buluu, kama mkia. Liko buluu kwa sababu gesi inayokuja kwetu iko mbele, na ile inayokwenda mbali mara nyingi imefichwa na vumbi la galaksi yenyewe. Kilomita 1,000 kwa sekunde ni nanomita 1.7 tu, lakini hata spektra ya kawaida inaionyesha bila shida.

Oksijeni hii imependwa kwa sababu nyingine pia: mstari wake hauwezi kutoka kwenye gesi nzito iliyo karibu na shimo, kwa kuwa huko atomu hugongana kabla hazijaangaza. Haidrojeni haina kinga hiyo, na mistari yake mipana imewapoteza wengi.

*Namba inapoteleza.* Mahali pawili, na pote pabaya.

Kwanza msongamano. Tungamo unayoipata inategemea mwangaza ukigawanywa kwa idadi ya elektroni katika kila sentimita ya ujazo. Watu huipata idadi hiyo kwa jozi ya mistari ya salfa, nanomita 671.6 na 673.1, ambayo mara nyingi hutoa mamia kadhaa. Njia nyingine, kwa gesi ileile, hutoa elfu moja hadi makumi ya maelfu. Ukipanda kutoka 100 hadi 1,000, tungamo ya upepo wako imepungua mara kumi bila wewe kugusa data. Ukisoma kwamba galaksi fulani inapoteza Jua kadhaa za gesi kwa mwaka, uliza kwanza msongamano uliotumika.

Pili ukungu wa anga. Hewa ya dunia hutawanya nuru, na nukta inakuwa doa. Galaksi yangu ya kwanza ilikuwa umbali ambao sekunde moja ya tao (sehemu moja ya 3,600 ya digrii) ni kama miaka-nuru 6,000. Nikachora ramani nzuri ya upepo wenye upana wa miaka-nuru 12,000, nikaibandika ukutani. Mwenzangu akaiangalia akauliza swali moja: nyota iliyomo kwenye picha hiyohiyo ina upana gani? Nikaipima. Ilikuwa na upana uleule. Wiki tatu za kazi zilikuwa ramani ya hewa. Tangu siku hiyo sipimi upana wa upepo kabla ya kupima nyota.

Kuna pia suala la nani kapuliza. Nyota changa zikilipuka kwa wingi hutoa upepo wao. Galaksi M82 ni mfano maarufu. Mchoro wa uwiano wa mistari uliopendekezwa na Baldwin, Phillips na Terlevich mwaka 1981 hutenganisha gesi inayowashwa na nyota na ile inayowashwa na kitovu hai. Ila unakuambia nani amewasha taa. Nani aliyesukuma gesi ni swali jingine.

*Data na jasho.* Hapa hakuna wa kushindana. Mradi wa SDSS wa kupima anga, kwa darubini ya mita 2.5 iliyoko New Mexico, umeweka hadharani mamilioni ya spektra, kila moja faili dogo. Ukitaka ramani, chombo cha MUSE kwenye darubini ya mita 8.2 huko Paranal, Chile, huchukua spektra zipatazo 90,000 kwa mpigo mmoja. Programu za Python ni za bure na zina watumiaji wengi wa kuwauliza. Bega la kwanza unaweza kulipata siku ileile uliyoanza.

*Inamfaa* anayeanza, anayetaka galaksi nyingi kwa pamoja, au anayetaka kuona umbo la upepo likichanuka kama koni. Hamfai anayetaka namba moja ya tungamo atakayoitetea bila jasho.

Milimita: gesi baridi iliyozolewa

*Mahali na umri.* Mamia hadi maelfu ya miaka-nuru, umri wa mamilioni ya miaka kama hapo juu. Tofauti iko kwenye aina ya gesi. Hii ni nyuzi joto makumi tu juu ya sifuri halisi, na ndiyo malighafi ya nyota. Ikiondoka, galaksi inapungukiwa na mbegu.

*Unachopima.* Haidrojeni baridi ya molekuli haitoi nuru ya kutosha, kwa hiyo tunafuata kaboni monoksidi iliyochanganyika nayo, kwenye gigahezi 115.27 au 230.54. Mwaka 2010 antena za Plateau de Bure, milima ya Alps ya Ufaransa, zilionyesha mabega mapana kwenye mstari huo katika galaksi Mrk 231: gesi yenye kasi hadi kilomita 750 kwa sekunde, na utokaji wa Jua zipatazo 700 kwa mwaka, zaidi ya galaksi hiyo inavyotumia kuunda nyota. Kwa mwendo huo akiba ingeisha katika miaka milioni 10 hivi. Sasa kazi hii hufanywa zaidi na ALMA, antena 66 kwenye uwanda wa Chajnantor, Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, na picha zake ni kali kuliko hewa inavyoruhusu darubini nyingi za nuru ya kawaida.

Swali ambalo hunifanya niheshimu watu wa milimita: molekuli dhaifu zinawezaje kukimbia kilomita mamia kwa sekunde bila kuvunjika? Ama mawingu yanazolewa taratibu, ama yanavunjika na kuundwa upya upepo unapopoa. Mjadala huo unaendelea.

*Namba inapoteleza.* Kutoka mwangaza wa kaboni monoksidi kwenda tungamo ya haidrojeni unazidisha kwa namba maalumu. Kwa galaksi kama yetu hutumika karibu 4.3, kwa galaksi zenye vurugu za uundaji nyota 0.8. Mara tano, kwa kuchagua mstari kwenye jedwali. Mtego wa pili ni mzunguko: safu ndefu ya nyota iliyokatiza katikati ya galaksi huivuta gesi kwenye njia zilizopinda, na kwenye ramani ya kasi gesi hiyo inafanana sana na upepo. Jenga modeli ya mzunguko kwanza, uiondoe, kisha uangalie kilichobaki.

*Data na jasho.* Data ya ALMA kwa kawaida hufunguliwa kwa wote baada ya miezi 12. Ramani zilizokwisha tayarishwa zinabebeka. Data ghafi inaweza kujaza diski nzima. Kujifunza jinsi antena nyingi zinavyounganishwa kuwa jicho moja kunakula muda, na watu hawakuambii hilo mwanzoni.

*Inamfaa* anayeuliza kama shimo jeusi kweli linazima uundaji wa nyota, na mwenye mahali pa kuhifadhi data na mtu wa kumuuliza.

Mbili za pembeni

Gesi isiyo na chaji huonekana kupitia sodiamu, inayofyonza nuru ya nyota kwenye nanomita 589.0 na 589.6. Darubini ya James Webb imeifanya ionekane kwenye galaksi za mbali sana, ikiwamo baadhi zilizokwisha acha kuunda nyota, na pengine huko ndiko kuna gesi nyingi kuliko kwenye oksijeni. Ila nyota zenyewe pia zina sodiamu, kwa hiyo kuziondoa vizuri ni nusu ya kazi. Redio nayo huonyesha mikondo myembamba inayorushwa na shimo. Ukikuta mkondo umelala sambamba na bega lako la buluu, hadithi yako imebadilika: huenda aliyesukuma ni mkondo, si nuru.

Kwa nini watu huishia kuunganisha

Mwaka 2015 galaksi IRAS F11119+3257 ilionyesha upepo wa eksirei wenye robo hivi ya kasi ya nuru, na gesi ya molekuli inayotoka kwa takriban kilomita 1,000 kwa sekunde, iliyoonwa na darubini ya Herschel. Hapo ndipo unaweza kuuliza kama nishati ya mlangoni imefika nje au imepotea njiani kama joto. Dirisha moja haliwezi kujibu hilo. Lakini kuanza na madirisha mawili kwa mpigo ni kujitafutia mitego miwili.

Ukiwa katika hali ipi, uelekee wapi

Una miezi mitatu, kompyuta moja na hakuna msimamizi wa karibu: nuru ya kawaida, spektra za SDSS. Ripoti kasi na upana wa mistari, na tungamo uiweke kama namba mbili, ya chini na ya juu.

Una mwaka, na swali lako ni la nyota kukoma kuundwa: milimita. Chagua galaksi ambayo mzunguko wake umeshachorwa na mtu mwingine.

Unapenda kitu kimoja na kukichimba hadi mwisho: eksirei. Anza na galaksi yenye uchunguzi mwingi wa miaka tofauti, ili uone kama bonde lako linarudi.

Galaksi yako imejaa vumbi hadi oksijeni haionekani: usipoteze muda na nuru ya kawaida, nenda moja kwa moja kwenye milimita.

Umeshapewa data na mtu, hukuichagua: basi uchague swali badala ya dirisha. Data ya eksirei haitakuambia upepo umefika wapi, na ya milimita haitakuambia umeanzaje.

Na kama bado hujui unachotaka, pakua spektra kumi za vitovu hai usiku huu, uzichapishe, na uchore kwa penseli mahali unapodhani bega linaanza. Mpe mwenzako nakala zilezile achore ya kwake bila kuona yako. Zile mtakazotofautiana ndizo za kuanza nazo.